Wastani Kamili

Saa tisa alasiri, Oulu imeshafungwa na giza,
baiskeli zimezikwa theluji hadi kwenye usukani,
nami nimekaa ghorofa ya tatu nahesabu vifo.
Vya mchezo tu: mmoja ana shoka,
wanne wana miguu, jenereta tano za kuwashwa
na lango linalochelewa kufunguka.

Kazi yangu ni mizani.
Ilpo, mkuu wangu, husema ni jambo jepesi:
mpe kila mtu namba,
zinazokaribiana uzikutanishe,
anayemwangusha aliyemzidi apande ngazi,
anayemwangusha mnyonge apande unyoya.
Sawa. Kwa sataranji, sawa:
watu wawili, ubao, kimya.
Ila paka mmoja na panya wanne utawapimaje,
na panya wenyewe wana tochi?
Mahiri watatu na mmoja aliyeanza jana
si sawa na wanne wa katikati;
yule wa jana hufa mapema,
wenzake wakabaki wanakimbia na pengo lake.
Na wakiwa marafiki, wakinong'onezana masikioni
*yuko kwangu, washeni, washeni,*
nguvu yao haimo kwenye namba ya yeyote.
Nikawaongezea alama sitini wanaozungumza.
Kwa nini sitini?
Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda nyumbani.

Kila mchezaji ana namba mbili,
ya kuwinda na ya kuwindwa,
maana mkono uliozoea shoka
haujui kujibanza kabatini.
Na ubavuni mwa namba kuna shaka:
ya mgeni pana kama ziwa,
ya mwenyeji nyembamba kama wembe.
Shaka ndiyo ninayoiamini zaidi.

Lengo limeandikwa ubaoni kwa wino wa kijani:
wawili wafe, wawili watoke.
Huo ndio urari, eti.

Basi Jumatatu Ilpo akatundika grafu ukutani.
Tuire Kaakinen, wa Kemi, mwindaji.
Michezo elfu mbili na kitu,
namba yake elfu moja mia tano,
ile ile tunayomgawia kila mgeni mlangoni,
haijasogea hata kwa ukucha.
"Mnaona? Mfumo umempata mahali pake."
Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Usiku nikafungua rekodi zake.
Angeweza kuwamaliza wote
kabla kahawa yangu haijapoa.
Anaua wawili, haraka, bila maringo.
Wa tatu anambeba begani mpaka langoni,
anamtua chini,
kisha anageukia ukuta
kama mtu anayempisha mwenzake avae.
Wa nne anatoka mwenyewe, kwa aibu.
Mchezo baada ya mchezo.
Nilitafuta kosa langu kwenye hesabu. Halikuwepo.

Saa tisa usiku wachezaji huadimika,
nao mfumo hutanua wavu:
kila sekunde kumi, alama ishirini zaidi,
hadi mjuzi na mbumbumbu wakutane bucha moja.
Mimi ni elfu moja mia mbili na tisini.
Foleni ilinichukua dakika sita,
ikanitupa kwake.

Nilijificha kabatini.
Msichana mmoja, akaunti yake Pihla, shaka yake ziwa,
alikuwa amening'inizwa hatua nne kutoka kwangu
akipunga mkono, mmoja, ule uliobaki huru.
Nilimwona kupitia mwanya wa mlango.
Nilikaa.

Tuire akaja, akamtungua Pihla kwenye ndoano,
akampeleka langoni.
Akarudi. Hakuharakisha.
Akafungua kabati.

Nilipoteza alama nne.
Hesabu ni sahihi, niliiandika mwenyewe.

Asubuhi Ilpo aliuliza kama kuna la kurekebisha.
Nikamwambia ile sitini ishuke,
iwe hamsini na tano.